Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji na Wachezaji, Lamu

Wazee wetu, wanachama wenzangu, Assalaamu alaykum.

Katiba yetu inanitaka nieleze jinsi chama kilivyokwenda mwaka huu. Kuhusu fedha nitasema machache, kwa kuwa mweka hazina atawasomea hesabu zake mwenyewe: ada zimelipwa, deni la viti limekwisha, na kilichobaki kinatosha kununua vitabu vichache. Nafasi kubwa ya taarifa hii naitoa kwa jambo lililonishughulisha tangu mkutano uliopita. Tulianza tukiwa watu wa kusoma riwaya za fantasia, baadaye tukaanza kucheza michezo ya uhusika mezani, ambamo kila mchezaji hujitwalia mhusika wa hadithi na msimulizi huiongoza hadithi hiyo, na mwaka huu ilibaki kidogo tugawanyike, wasomaji upande wao na wachezaji upande wao.

Vijana wa meza ya pili waliacha kuazima vitabu. Hoja yao ilikuwa kwamba mchezo una kanuni zake, na anayezijua kanuni hana haja ya riwaya. Nilihudhuria vikao vyao vitatu, nikaona kila kikao kikirudia kilichotangulia: pango, zimwi, hazina, kisha pango jingine. Msimulizi wao ni kijana hodari, lakini alikuwa akichota maji kila wiki katika kisima kisichoingiwa na tone.

Ndiyo maana niliwaomba tukae pamoja tuangalie kanuni hizo zimetoka wapi. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ulitungwa na watu waliojaa riwaya vichwani. Katika kitabu cha msimulizi cha mwaka 1979, Gygax aliweka kiambatisho cha waandishi waliomwathiri, na ukiwasoma hao unakutana na kanuni zikiwa bado hadithi. Wachezaji wetu walikuwa wakilalamika kwamba mganga akishatamka neno lake la uganga hulisahau mpaka ajifunze tena, wakaiona kanuni hiyo haina maana. Imetoka kwa Jack Vance, katika kitabu chake cha mwaka 1950, ambamo maneno ya uganga ni mazito kiasi kwamba akili ya mtu hubeba machache tu, na likishatamkwa neno linafutika. Zimwi ambalo vidonda vyake hujifunga vyenyewe mpaka lichomwe moto limetoka kwa Poul Anderson. Mwizi mwerevu wa mjini anadaiwa sana na Fritz Leiber. Wale watu wafupi wanaoitwa “halfling” hapo mwanzo waliitwa “hobbit”, jina la Tolkien, hadi wenye haki za kazi zake walipolalamika. Kijana mmoja, baada ya kusoma Vance, aliniambia kwamba sasa mganga wake anaogopa kusema, na kwamba woga huo ndio uliomfanya ampende.

Njia hiyo hupitika pia kwa kurudi. Ulimwengu wa riwaya ya kwanza ya Raymond Feist, ya mwaka 1982, ulijengwa kwanza mezani na yeye na wenzake, na Margaret Weis na Tracy Hickman walianza mwaka 1984 kutoa riwaya zilizokwenda sambamba na mchezo. Nawakumbusha hili wale wasomaji wetu wanaoiona meza kuwa mahali pa watoto.

Baada ya kikao hicho likazuka swali ambalo sikulitarajia. Ikiwa kanuni za Wamarekani hao zimetokana na vitabu vyao, zetu zitatokana na nini? Wengi walimtaja Fumo Liyongo papo hapo, nami naelewa kwa nini. Utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa, mtu wa hapa hapa Lamu, mwaka 1913, na ndani yake mna kila anachokitaka msimulizi: tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa makapi, minyororo inayokatwa huku ngoma ikilia nje, shujaa asiyedhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Baadhi ya vijana walikwisha kumwandikia karatasi ya mhusika, yenye sifa zake kwa nambari. Mzee wetu mmoja alisimama akasema kwamba Liyongo si wa kupimwa kwa nambari, na kwamba asingependa kumsikia mtoto akisema “nimemuua Liyongo” akienda nyumbani. Mjadala ulikuwa mrefu, na baadhi ya maneno yalikuwa makali. Uamuzi wangu, ambao kamati iliukubali, ni kwamba hadithi zetu zinaweza kupita katika ulimwengu wake, watu wake wakamsikia na hata wakakimbia kivuli chake, lakini hakuna atakayemchukua yeye mwenyewe kuwa mhusika. Bado naamini mzee alisema kweli.

Kwa hiyo meza ya pili ilivuka kwenda Manda, kisiwa jirani, kwa maneno, ikaanza hadithi katika Takwa, mji ulioachwa na watu wake katika karne ya 17. Walijiuliza waliondoka kwa nini, wakajibu kwa kucheza wiki baada ya wiki. Humo ndimo ilimozaliwa kanuni ninayojivunia kuliko zote za mwaka huu: jahazi linalosafiri kinyume cha upepo wa msimu huchukua siku mara mbili. Kwenda Malindi wakati wa kaskazi ni rahisi, kurudi ni kungojea kusi. Mchezaji anayesahau msimu hukwama bandarini na chakula chake kinaisha. Kanuni hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu yake.

Kuhusu dadu, nasema wazi kwa sababu maneno yamesemwa barazani. Baadhi ya wazee hawaitaki kwa sababu za dini, na tulikubaliana kuwaheshimu ingawa hapachezwi pesa. Sasa tunatumia komwe za bao, 20, zilizoandikwa nambari kwa rangi na kutiwa katika mfuko wa kitambaa. Mchezaji huchota moja bila kutazama, huisoma, kisha huirudisha. Nasisitiza kurudisha: komwe ikirudi mfukoni kila nambari ina nafasi moja kati ya 20, sawa na dadu yenye pande 20, lakini ikibaki mkononi nafasi za zilizosalia hubadilika na mchezo unakuwa mwingine. Kwa sifa za mhusika tuna mfuko mdogo wa komwe sita, za nambari 1 hadi 6, unaochotwa mara tatu kwa kurudisha na nambari kujumlishwa. Kupata 18 hutokea mara moja katika 216, na aliyeipata mwaka huu alistahili shangwe ile. Mzee mmoja ameridhika. Mwingine bado haji siku za mchezo ila huja siku za kusoma, na kiti chake kipo.

Kamati ya kutafsiri kanuni za mchezo huo wa Marekani imeanza kazi. Mwezi Januari 2023 wenye mchezo walitoa hati ya kanuni za msingi kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitafsiri, mradi ataje chanzo, kwa hiyo hatumwibii mtu. Sifa sita zimepata majina: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Nimefurahi kwamba tofauti ya akili na busara, ambayo huwasumbua wachezaji wengi, haikutuchukua hata dakika tano.

Limebaki sanduku la vitabu. Unyevu wa bahari umeharibu jalada la vitabu kadhaa, na viwili vimeota ukungu usiofutika. Naomba mkutano huu uidhinishe sanduku jipya la mbao lenye miguu, liwekwe ghorofani, na vitabu vitolewe kuanikwa kivulini mara moja kila mwezi. Fundi amekwisha kupima. Anangoja neno lenu.