Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: mawimbi yasubiri, tunaomba transfoma

Mheshimiwa Diwani,

Salaam na heshima zote. Natumaini u mzima, na huko kwako umeme upo.

Jumamosi nimemwaga samaki wangu, migebuka, friza nzima, kwa kukosa umeme. Ilikuwa imelainika, macho meupe, maji mekundu yamechuruzika hadi mlangoni. Hata paka wa mwaloni waliinusa wakaondoka. Mtaji wenyewe ni mkopo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, na siku ya marejesho hakuna anayeuliza habari za umeme.

Nakuandikia wewe kwa sababu wakati wa kampeni ulisimama juu ya boti, ukanyoosha mkono ziwani, ukasema mawimbi haya yatatupa umeme kama Ulaya. Tukapiga vigelegele.

Nimemwomba mwanangu anisomee habari za hayo mawimbi. Hukudanganya, Mheshimiwa. Mutriku, kule Hispania, tangu 2011 wana vyumba vya zege ndani ya ukuta wa bandari. Wimbi likiingia linasukuma hewa, hewa inazungusha mashine. Mashine 16, na zote pamoja hazifiki kilowati 300. Ureno nao walizindua mitambo mitatu baharini mwaka 2008. Mwaka huohuo ikavutwa kurudi bandarini. Na hiyo ni bahari, Mheshimiwa, ambako upepo husukuma maji maelfu ya kilomita bila kizuizi. Ziwa letu Tanganyika ni refu, lakini upana wake ni wastani wa kilomita 50 tu. Kusi ikivuma tunaiogopa, ila siku nyingine maji hayatikisiki kabisa. Siku hizo tukae gizani? Samahani, nimesahau kwamba tayari tunakaa.

Nguzo zipo, waya upo, luku tunanunua. Transfoma ndiyo ililia siku ya mvua ikatoa moshi. Wengine wanasema ni radi. Mimi nadhani ilizidiwa, maana mashine za barafu zimeongezeka na yenyewe ni ileile. Ukasema italetwa "wiki hii". Wiki gani, Mheshimiwa?

Sitaki semina. Sitaki tena wageni wa kupiga picha ziwa na kuondoka. Transfoma, Mheshimiwa. Transfoma tu. Ikishindikana, njoo utueleze mwenyewe, ila uje asubuhi boti zinapoingia. Usiku hatutakuona.

Wako mtiifu,
Muuza migebuka, Kigoma