Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha watengeneza gemu za kompyuta na simu,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Vikao vya mwezi vilifanyika, isipokuwa Ramadhani. Januari baadhi yetu tulishiriki Global Game Jam, lile tukio la dunia nzima la kutengeneza gemu kwa siku chache, mafunzo ya Godot, programu ya kutengenezea gemu, yakaendeshwa kwa wapya, na laptopu ya chama imetengenezwa. Ada zimekusanywa shilingi 1,140,000 kati ya 2,880,000 zilizotarajiwa. Shilingi 5,000 kwa mwezi ni chipsi mayai na soda, jamani. Mahudhurio ndiyo aibu zaidi: tuko 48, na kikao cha Septemba tulikuwa saba, wawili wakiwa wamefuata chaja.

Sasa lile linalonung'unikiwa tangu Juni, yaani uamuzi kwamba mtu asilete mradi mpya kikaoni kabla ya kumaliza kiporo chake. Nimeambiwa hii ni starehe, si ajira, na mtu hapangiwi starehe. Sawa. Lakini kabla ya uamuzi huu tulikuwa tunapigia makofi mianzo tu. Mtu analeta mhusika anayeruka vizuri, tunashangilia. Mwezi ujao analeta mhusika mwingine. Kinachobaki nyuma hakina mashabiki: menyu, sauti, kuhifadhi hatua, kupanga vitufe vienee kwenye simu ndogo. Hapo ndipo ari inapokatika, na ndipo wazo jipya linapoanza kung'aa. Hata Ludum Dare, shindano la mtandaoni la kutengeneza gemu lililoanza 2002, nguvu yake ni saa 48 zenye mwisho; ukijua muda unaisha, unapunguza.

Kupunguza ndiko kulikoleta ugomvi wa pili. Ndugu yetu mmoja alikwama kwenye gemu lake la bao. Ubao ulipendeza, kete zikilia kama za kibarazani, ila namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi moja moja, ilimshinda: kete ya mwisho ya aliyekula ikiangukia nyumba, lile shimo maalumu, mchezaji achague kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuzichota kete za nyumba na kuendelea, na programu ilikuwa inasafiri yenyewe. Nikamshauri aweke kando namua, atoe kwanza bao la kujifunza: mashimo 32, kete mbili kila shimo, mnaanza moja kwa moja na mtaji, hatua ya kucheza kete zilizo ubaoni tu. Wakubwa wakaniambia nimechinja bao. Waungwana, bao la kujifunza ni letu pia; wengi humu ndilo tulilofundishwa tukiwa watoto. Na leo gemu hilo linachezeka mwanzo hadi mwisho kwenye simu ya mtu mwingine, mwenyewe akiwa hayupo kuelekeza. Hicho ndicho kipimo cha kumaliza tulichokubaliana, na kumbukumbu za kikao zipo kwa katibu. Ameshaanza kurudisha namua, kidogo kidogo, bila kuambiwa na mtu.

Miradi mitano imefikia kipimo hicho tangu Juni. Mwaka uliotangulia hakuna hata mmoja. Sisemi ni mimi, ila tarehe zinajieleza.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata ukumbi wenye umeme wa uhakika, kuandaa siku ya maonyesho, na pengine kumpata mfadhili, mazungumzo yanaendelea. Uamuzi wa Juni unabaki. Anayetaka uondolewe alete hoja kwenye mkutano, si kwenye korido, na kwa katiba yetu mwenye kura ni aliyelipa ada. Mweka hazina amekaa pale mlangoni.

Nawasilisha.

Mwenyekiti