Kwenu vijana mnaoona kamera ya televisheni inawashusha hadhi

Wanangu,

Nimewasikia mkinung'unika kwamba mmesomea sinema, na sasa mmepangiwa vichekesho vya televisheni: sebule moja, jiko moja, wiki nenda wiki rudi. Kiburi hicho nilikuwa nacho. Kaeni niwape habari za Karl Freund, mpiga picha wa sinema.

Alizaliwa Bohemia, katika nchi ya Czech ya leo, mwaka 1890. Miaka ya 1920, huko Ujerumani, aliwahi kujifunga kamera kifuani na kutembea nayo. Akahamia Marekani, na filamu ya The Good Earth ikampa Oscar. Mwaka 1951, mtu mzima wa miaka 61, akakubali kupiga picha za I Love Lucy, vichekesho vya televisheni vya Marekani. Angekataa, nani angemlaumu?

Alichokikuta kilimtoa jasho. Kwenye sinema unapiga picha ya mbali, unasimama, unahamisha taa, ndipo unausogelea uso. Hapa kamera 3 za filamu ya milimita 35 zilipiga kwa mpigo mmoja mbele ya watazamaji, na kicheko hakimsubiri mtu ahamishe taa. Freund akazipandisha taa juu, sakafu ikabaki wazi kwa magurudumu ya kamera, akausawazisha mwanga hata uso ukubali lenzi ya mbali na ya karibu kwa pamoja. Seti nayo ikapakwa rangi za kijivu, kijivu hiki na kijivu kile, kwa kuwa picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe.

Wapo wanaosema mwanga ule ni bapa, hauna fumbo. Sawa. Lakini Lucille Ball, mwigizaji mkuu wa vichekesho hivyo, akikunja pua, unaiona.

Mimi, ujanani, niliweka taa moja kali ya pembeni ili sebule ya vichekesho ipate uzito wa sinema. Utani ukamkolea mwigizaji, akavuka alama aliyowekewa asimame kwa hatua mbili, akazama gizani. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Kamera yangu iliambulia sikio. Mwongozaji hakunigombeza. Alinitazama tu, akaomba turudie. Mara ya pili hakucheka mtu.

Kesho mkiingia studio, taa ziacheni kwanza. Kaeni kwenye mazoezi, chaki mkononi, mtazame miguu ya waigizaji inakokwenda wakisahau walikoambiwa wasimame.

Ni mimi,
Mzee wenu wa kamera