Barua kwa wazazi vijana wa Lamu: ongeeni na watoto wachanga

Wanangu, asalaam aleikum.

Nawaandikia nikiwa na hasira na sitaificha. Juzi kwenye boti ya kutoka Mokowe nilikaa mkabala na mama kijana aliyempakata mtoto wa kama miezi tisa. Mtoto akatupa kijiko cha plastiki, mama akakiokota. Akakitupa tena. Mara ya tatu akapigwa kofi la mkono, akalia, kisha akawekewa simu usoni, katuni zinapiga kelele. Akanyamaza mpaka gatini. Abiria wakamsifu mama kwa kujaaliwa mtoto mtulivu!

Mtoto yule alinyang'anywa kazi yake. Akitupa kijiko anachunguza: kitaanguka vilevile? Kitalia? Mama atafanya nini? Mswisi Jean Piaget, mtaalamu wa akili za watoto aliyezaliwa mwaka 1896, aliwachunguza wanawe watatu nyumbani na kuandika waliyoyafanya, akaona kwamba katika miaka miwili ya mwanzo mtoto hufikiri kwa kushika, kutia mdomoni na kutazama. Jaribuni wenyewe. Funikeni ufunguo kwa ncha ya leso mbele ya mtoto wa miezi mitano, kwa kawaida hatautafuta. Wa miezi tisa ataifunua leso. Wala msidhani yule mdogo hana lolote kichwani. Mwaka 1985 mtafiti Renée Baillargeon na wenzake waliwaonyesha watoto wa miezi mitano ubao unaopita mahali ambapo kisanduku kilichofichwa nyuma yake kingeuzuia. Watoto walikodoa macho kwa muda mrefu zaidi kuliko walipoona jambo la kawaida. Walijua kisanduku kipo, ila mikono yao ilikuwa haijaweza kukifuata.

Sasa nirudi kwenye simu, maana ndiyo inayoniumiza. Mnaniambia, "Bibi, anajifunza Kiingereza humo." Hajifunzi. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walitangaza utafiti wao juu ya watoto wa Marekani wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina kwa vikao 12. Waliosomewa na kuchezeshwa na mtu aliyekaa nao walipata kutofautisha sauti za Kichina. Waliowekewa watu walewale kwenye televisheni hawakupata kitu. Maneno yalikuwepo, mtu wa kuwatazama na kuwajibu hakuwepo. Shirika la Afya Duniani nalo lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asiwekewe skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora.

Nyumba zetu zilikuwa na sauti. Bibi, shangazi, mke wa ami, kila mmoja alimpokea mtoto na kumsemesha, naye akajibu "bububu" na akapewa nafasi ya kujibu. Siku hizi naingia nyumba nawakuta watu wanne wamekaa kimya, mama na simu yake, mtoto na yake. Mkimpeleka mtoto sokoni mwambieni: huyu punda, amebeba mawe, tumpishe. Akinyoosha kidole, tazameni anachoonyesha na mkitaje. Akitoa sauti, ngojeni, kisha mjibu. Hilo halina gharama, wanangu. Hata aliyekosa pesa ya maziwa analo.

Nanyi akina baba mnaokaa uwanjani Mkunguni mpaka usiku, mtoto hujifunza na kwa sauti yenu pia. Msiseme hiyo ni kazi ya wanawake.

Mengine nayataja tu. Mtoto wa miaka minne akishikilia kuwa maji ya ukwaju yaliyomiminwa kwenye gilasi ndefu yamekuwa mengi kuliko yalipokuwa kwenye bakuli, msimcheke, umri wake ndivyo unavyoona. Akicheza huku anajisemesha, mwacheni. Mrusi Lev Vygotsky, naye mtaalamu wa akili za watoto, alieleza kuwa maneno hayo ndiyo anayojiongozea. Akiuliza "kwa nini" mara kumi, msimwambie ana mdomo mrefu. Msimpige kwa kuuliza.

Walimu pia nina neno nanyi. Iko shule hapa mjini, sitaitaja, inayomfanyia mtihani mtoto wa miaka minne kabla ya kumpokea, na asiyejua kuandika herufi hurudishwa nyumbani. Mtaala wa nchi wenyewe umeweka miaka miwili ya elimu ya awali na kutaka mtoto asome kwa kucheza. Nani aliwatuma mtihani? Na Katiba ya Kenya ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti chekechea. Tunaona madarasa yakifunguliwa kwa utepe, tukiingia ndani tunakuta madawati tu. Tieni mchanga, maji, vifuu na mbao za kujengea. Ajirini walimu wanaopenda kuongea na watoto, na muwalipe kwa wakati.

Naandika haya kwa sababu nawapenda, na najua mmechoka. Anayehitaji kupumzika alasiri anajua nyumba yangu ni ipi mtaani Langoni. Amlete mtoto, simu ibaki kwenu. Wakubwa nitawategea vitendawili. Leteni na wale ambao hawajajua kusema, hao ndio nawataka zaidi.

Bibi yenu