Hesabu za uinjinia zisifutwe, zipelekwe gereji

Mhariri, salamu.

Nimesoma barua ya ndugu yetu toleo lililopita, yule anayetaka vyuo viwapunguzie wanafunzi wa uinjinia hizi hesabu ndefu kisa eti siku hizi kompyuta inafanya kila kitu na huko makazini hakuna mtu anayekaa kuintigreti kwa mkono. Mi niko mwaka wa nne uinjinia mitambo hapa Dar, na hesabu hizohizo zilinilisha sapu, yani mtihani wa kurudia, mwaka wa pili kwahiyo sina undugu nazo, ila kwa hili nampinga.

Ile sapu ilikuja hivi. Kozi ni difarensho ikwesheni, yani ikwesheni za vitu vinavyobadilika, na Laplace, njia mojawapo ya kuzitatua, ukumbi mmoja tumejazana watu wa mitambo, umeme, ujenzi, wengine wamekaa kwenye ngazi, lekchara anajaza ubao anafuta anajaza tena, na semesta nzima sikusikia hata siku moja hiyo x ni kitu gani. Ni x tu. Jioni tunaenda kimbweta, zile meza za nje za kusomea, kupiga msuli, na msuli wenyewe ni pasti pepa, mitihani ya nyuma, za miaka mitano, unakariri kwamba swali la tatu huwa linakuja hivi la nne linakuja vile. Mwaka wetu la tatu halikuja hivyo.

Sasa likizo nasubiri kurudia mtihani nikawa nashinda gereji kwa mjomba. Siku moja ikaletwa Hiace, dereva analalamika gari inaruka sana. Fundi hakufungua nati hata moja, alikandamiza kona ya mbele kwa mikono miwili akaachia, gari ikapanda ikashuka, ikapanda ikashuka, ikapanda tena, akasema hapa shokapu hamna. Akahamia kona ya pili, akakandamiza, ikarudi juu ikatulia. Hii nzima. Mi nimesimama na grisi mkononi nashangaa, maana ile kitu nilikuwa nayo kwenye daftari: masi mara mchapuko (mwendo unavyobadilika), jumlisha shokapu mara mwendo, jumlisha springi mara umbali, jibu sifuri. Kumbe x ni hapo boneti iliposhuka! Na zile ruti, yani majibu ya ikwesheni, tunazotafuta kwa fomula ya kwadratiki ya fomu two, ukichukua namba ya shokapu ukaizidisha kwa yenyewe ikawa ndogo kuliko nne mara masi mara springi, ruti zinatoka kompleksi, zile namba zenye i, mzizi wa hasi moja, yani gari inacheza, na kadri shokapu inavyokufa ndo inavyochelewa kutulia. Ikiwa kubwa haichezi kabisa, inarudi taratibu tu. Fundi aliyeishia la saba anazisoma ruti kwa viganja, na mimi mwenye divisheni wani ya PCM (fizikia, kemia, hesabu) nilikuwa sijui nakokotoa nini.

Nikamwadithia mshkaji wangu wa umeme, akacheka, akasema hata wao ni hiyohiyo, weka koili mahali pa masi, rizista mahali pa shokapu, kapasita mahali pa springi, ikwesheni haibadiliki, tofauti ni kwamba kwenye kompleksi wao wanaandika j kwasababu i washaigawa kwa karenti. Miaka miwili tunasoma kitu kimoja na hakuna aliyetuambia. Sapu nikapata C, maana sapu haivuki C hata upate mia.

Turudi kwa hoja ya kompyuta. Norway tarehe 23 Agosti 1991 kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilipasuka na kuzama wakati kinajaribiwa majini, hasara kama dola milioni 700. Hesabu zake zilifanywa na programu, tena programu inayoheshimika, ila vile vipande walivyoigawa zege ndani ya kompyuta vilikuwa vibovu, kwahiyo ikakadiria nguvu ya kukata zege pungufu kwa asilimia 47, kuta zikajengwa nyembamba. Kompyuta haikulalamika. Sasa injinia asiyejua humo ndani kinapikwa nini atashtukaje jibu likiwa la uongo?

Ninachoomba mimi ni kingine. Laplace tunapewa mwaka wa pili, kontrol sistemu, somo la kuongoza mitambo linaloitumia hiyo Laplace, inakuja mwaka wa tatu, ikifika hapo daftari tushawapa wadogo zetu, lekchara wa kontrol anadhani tunajua na sisi tunadhani ni kitu kipya. Lekchara wa hesabu na wa uinjinia wakae meza moja wapange. Na kama lugha ya darasani ni Kiingereza sawa, ila ukweli wengi wetu tunakuja kuelewa usiku kimbwetani pale mmoja anapoeleza kwa Kiswahili, hilo nalo walifikirie.

Halafu ile asainimenti ya maswali ishirini ya kukopiana iwe swali moja. Simu janja karibu zote zina kipima mchapuko ndani, mwanafunzi aiweke juu ya boneti, akandamize, aachie, achukue zile namba aziingize kwenye Octave, programu ya hesabu ambayo ni ya bure, alete jibu shokapu imebakiza kiasi gani. Hiace za kupima Dar hazikosekani.

Mwanafunzi mwaka wa nne,
Dar es Salaam.