Riwaya za njozi zenye giza hazichafui ngano za kale

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie riwaya za njozi zinazochukua ngano za kale za Ulaya na kuzisimulia upya kwa sura ya giza, zikiwa na njaa, hofu, ukatili na vifo. Wazazi na walimu wengi husema kwamba waandishi wa riwaya hizi wanachafua hadithi safi za watoto. Mimi siafikiani nao, na nitatoa sababu zangu kwa kutumia riwaya moja ninayoipenda sana, Spinning Silver ya Naomi Novik wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 2018.

Riwaya hiyo imejengwa juu ya kisa cha Rumpelstiltskin, ambacho ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walikitia katika mkusanyo wao wa mwaka 1812. Mwenye kinu anamdanganya mfalme kwamba binti yake anaweza kusokota majani makavu yakawa dhahabu. Mfalme anamfungia binti huyo chumbani na kumwambia kwamba asipoimaliza kazi kabla ya asubuhi atauawa. Kijitu cha ajabu kinatokea na kuifanya kazi hiyo kwa malipo: mara ya kwanza kinapewa mkufu, mara ya pili pete, na mara ya tatu, binti akiwa hana kitu tena, kinaahidiwa mtoto wake wa kwanza. Binti anaolewa na mfalme yuleyule aliyetishia kumuua, na kijitu kinapokuja kudai chake, malkia anaokoka kwa kulitaja jina lake. Katika toleo la 1812 kijitu kinaondoka kwa hasira kisirudi tena. Katika matoleo ya baadaye kinajirarua vipande viwili. Baba mwongo haulizwi neno. Mfalme anabaki na dhahabu, mke na mtoto, na aliyefanya kazi ndiye anayeangamia. Sioni usafi wowote hapo wa kuchafuliwa.

Tena, ngano hizo zilikwisha kusafishwa na wenyewe waliozikusanya, na namna zilivyosafishwa inafaa kutafakariwa. Katika toleo la kwanza la ndugu Grimm, anayetaka Snow White, binti mfalme mzuri wa sura, auawe ni mama yake mzazi. Kufikia toleo la 1819 amegeuzwa kuwa mama wa kambo, na baadaye mama wa Hansel na Gretel, watoto wanaotelekezwa msituni, akafanyiwa vivyo hivyo. Rapunzel wa 1812, msichana aliyefungiwa mnarani, anauliza kwa nini nguo zinambana, msomaji akaelewa kwamba ni mjamzito. Swali hilo likaondolewa. Lakini ukatili haukupunguzwa. Ni katika toleo hilohilo la 1819 ndipo njiwa walipoanza kuwadonoa macho dada wa kambo waliomtesa Cinderella. Kwa hiyo walichofichwa wasomaji ni kwamba mama mzazi anaweza kumdhuru mwanawe, na kwamba msichana anaweza kupata mimba, damu waliachiwa.

Hapo ndipo riwaya kama ya Novik inapofanya kazi yake. Msimulizi wake wa kwanza, Miryem, ni binti wa Kiyahudi ambaye baba yake hukopesha watu fedha katika mji mdogo wenye baridi kali. Baba ni mpole kupita kiasi, hathubutu kudai, na matokeo yake familia inalala njaa huku majirani wakistarehe kwa fedha ambazo mama yake Miryem alikuja nazo alipoolewa. Mama anapougua, Miryem anachukua kikapu na kwenda mlango kwa mlango kudai. Tangu mwanzo wa kitabu anamwambia msomaji wazi kwamba kisa cha binti wa mwenye kinu, kikivuliwa mapambo yake, ni kisa cha mtu anayekwepa kulipa deni. Nimesoma ngano hiyo tangu nikiwa shuleni na sikuwahi kuitazama kwa upande wa anayedai.

Uamuzi wa kumfanya mhusika huyo kuwa Myahudi una uzito wake. Katika nchi nyingi za Ulaya, Wayahudi kwa karne nyingi walizuiwa kumiliki ardhi na kujiunga na vyama vya mafundi, wakabakiwa na kazi chache, mojawapo ikiwa kukopesha fedha, kisha wakachukiwa kwa kazi hiyohiyo. Mkusanyo wa ndugu Grimm wenyewe una kisa ambacho Myahudi anachezeshwa kwenye miiba kwa fidla ya uchawi na mwishowe kunyongwa, na msomaji anatarajiwa kufurahi. Mwandishi anayeirudia ngano ya dhahabu na deni bila kuigusa chuki hiyo atakuwa ameruka jambo kubwa kuliko yote.

Uchawi wenyewe katika riwaya hii umefumwa ndani ya biashara. Mfalme wa majira ya baridi, kiumbe asiye mwanadamu, anamsikia Miryem akijigamba kwamba anaweza kugeuza fedha kuwa dhahabu, naye anamletea sarafu 6 za fedha, kisha 60, kisha 600. Miryem anazipeleka kwa sonara, zinafuliwa pete, mkufu na taji, anaviuza na kupata dhahabu, na mwishowe mfalme huyo anamchukua kwa nguvu hadi kwenye majumba yake ya barafu. Pembeni yake yuko Wanda, msichana maskini anayepigwa na baba mlevi, ambaye amewekwa kwa kina Miryem afanye kazi kufidia deni la baba huyo. Kazi hiyo, ambayo wengine wangeiona adhabu, kwake ni ukombozi, kwa sababu anakula, anajifunza kuandika hesabu, na hesabu hizo anaziona kuwa uchawi hasa. Kurasa zinazomhusu Wanda na daftari la madeni ndizo zilizonigusa kuliko majumba yote ya barafu.

Riwaya hii ina kasoro zake. Wasimulizi ni sita, wanapokezana bila kutajwa majina, na katikati ya kitabu msomaji hulazimika kusimama ajue ni nani anayesema. Pia bado nasumbuliwa na jinsi mfalme aliyemchukua Miryem kwa nguvu anavyoishia kuwa mume wake, ingawa mwandishi amejitahidi: anamfanya mfalme huyo arudi kuposa, na kutia sahihi hati ya ndoa mbele ya rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, na mashahidi kwa jina lake la kweli, jina ambalo sisi wasomaji hatuambiwi. Na nakiri kwamba zipo riwaya nyingi za aina hii ambazo humwaga damu na kudhalilisha wanawake bila sababu. Hizo sizitetei.

Wanaodhani kwamba giza hili ni la kigeni kwetu nawaomba wazisome hadithi ambazo mmisionari Mwingereza Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Humo yumo paka wa Sultani Majnuni, anayekula mifugo, kisha watu, na kila raia wanapolalamika sultani anawajibu kwamba paka ni wake na vinavyoliwa ni vyake, mpaka paka anapowala watoto wa sultani mwenyewe na kuwa nunda mla watu. Mwandishi wetu wa leo angeweza kuandika riwaya nzima juu ya majibu hayo ya sultani.

Ombi langu kwa wachapishaji wa Kiswahili ni kwamba riwaya kama Spinning Silver zitafsiriwe, zitangazwe waziwazi kuwa ni za vijana wa sekondari na watu wazima, na zisiwekwe kwenye rafu moja na vitabu vya picha. Mfasiri asimfanye Miryem kuwa binti wa mfanyabiashara yeyote tu, na asiwapunguzie majirani zake maneno yao ya chuki.

Msomaji wako,
Tanga