Wanaopungua mdogo mdogo msikate tamaa

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenzangu wanaopunguza uzito taratibu, maana wengi wanaacha mapema na inaniuma kwa kweli. Mtu anapanda mizani kila asubuhi, leo imeshuka kesho imepanda kilo nzima, anaona bora aache tu, kumbe hayo ni maji, ukila chumvi nyingi usiku mwili unashika maji, na kina dada wakikaribia siku zao ndo kabisa. Mafuta hayaongezeki kilo kwa usiku mmoja jamani! Pima mara moja kwa wiki, asubuhi kabla hujala, halafu angalia mwezi mzima unaelekea wapi. Nusu kilo mpaka kilo 1 kwa wiki ndo mwendo wanaoshauri wataalamu wa afya, na mtu wa kilo 100 akipungua 5 tu presha na sukari vinaweza kuanza kukaa vizuri hata kama nguo bado ni zile zile. Mizani ikigoma, chukua futi ya fundi nguo upime kiuno, au angalia mkanda umefika tundu la ngapi. Na nyie mnaowauliza "mbona hupungui" kila mkikutana, tafadhali waacheni wapumue.